Nendeni kwao mtoto kabla faili halijafungwa

"Mama, hiyo safari ya Iramba tuiweke kiporo. Tumalize makaratasi kwanza, mtoto akikua akaelewa anachokiona, tutampeleka."

Hii ni simu ya nne mwaka huu, na maneno ni yaleyale hadi mkato wa sauti. Nimeshakuwa afisa ustawi wa jamii miaka kumi na sita, mashauri ya kuasili, yaani mtu kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wake kisheria, ndiyo mkate wangu, na sentensi hiyo naweza kummalizia mtu kabla hajaifikia nusu. Kinachoniudhi ni kwamba wanaoisema si watu wabaya. Ni wazazi wazuri, wanaomwosha mtoto masikio kila jioni na kuja mahakamani dakika arobaini kabla ya muda. Ila kwenye akili yao safari ya kwao mtoto ni utalii: picha na bibi, kuku aliyechinjwa, mtoto akishangaa mbuzi. Kitu cha kujipongeza baada ya kazi.

Nifupishe habari ya nani mgeni, kwa sababu hapo nako nimechoka kugombana. Dada wa simu kazaliwa Machame, babu yake kazikwa Machame, na Kichagga anakiongea kuliko ninavyoongea Kiswahili. Pasipoti yake ni ya Kanada. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, kwa hiyo mbele ya Mahakama Kuu yeye ni mgeni kama jirani yake wa Toronto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo, amlee mtoto kwanza chini ya uangalizi wetu, asiwe na rekodi ya uhalifu, alete barua ya kumpendekeza kutoka mamlaka za kwao, na airidhishe mahakama kwamba Kanada itaitambua amri ya kuasili. Mkenya aliyechukua uraia wa Kanada ana ahueni tangu katiba yao ya 2010. Sisi bado. Machame haisaidii. Na hayo ni ya Bara tu. Zanzibar wana sheria yao ya 2011, yenye kafala ndani yake, yaani malezi ya Kiislamu yasiyobadili ukoo wa mtoto, msije mkanichanganyia.

Sasa, mtu aliyehamisha maisha yake yote kuja kukaa Dar miaka mitatu, anawezaje kuniambia hana siku nne za kwenda Iramba, hapo Singida?

Jambo wasilolishika ni hili. Wanadhani makaratasi yakikamilika njia itafunguka. Kwa habari ya kwao mtoto, ni kinyume chake. Amri ikitoka, inapelekwa kwa Msajili, mtoto anaingizwa kwenye rejista ya watoto walioasiliwa, na cheti kipya kinatoka RITA, wakala wa usajili, kikiwa na majina yenu ninyi kama baba na mama. Ndivyo inavyotakiwa, na mimi hufurahi siku hiyo kama mtu aliyeoza binti. Lakini jina la aliyemzaa limeshaondoka kwenye karatasi anayotembea nayo mtoto. Limebaki kwenye rejista ambayo haifunguliwi kwa kila apitaye. Siku mnayosema "sasa tumemaliza" ndiyo siku mlango unarudishwa, na mwenye ufunguo si ninyi tena.

Kabla ya hapo, faili liko wazi. Nina barua ya ofisi, nina namba ya shauri, mtendaji wa kijiji ananijibu simu kwa sababu anajua mahakama inasubiri. Baada ya hapo mimi ni mama mmoja tu anayeulizauliza habari za watu.

Niwaonyeshe. Mtoto wa faili jingine, msichana, alikuja kwetu na RB, namba ya taarifa ya polisi, kadi ya kliniki iliyolowa maji, na jina la mama ambalo nusu lilisomeka. Tulikwenda zahanati alikozaliwa, mimi na wazazi waombaji na yeye mwenyewe mgongoni. Nesi wa zamu alikuwa na haraka zake. Akatoa boksi chini ya meza, ndani vitabu vya MTUHA, vya kumbukumbu za huduma za afya, vya wodi ya wazazi, vingine vimetafunwa na mchwa pembeni. Akalamba kidole, akafungua kurasa, akalamba tena. Mstari wa kumi na nne: jina la mama, kitongoji, uzao wa tatu, saa 10 alfajiri, mtoto wa kike, kilo 2.8, "amelia".

Hilo neno la mwisho. Mama mwombaji aliweka kidole juu yake akakiacha hapo. Alikuwa na ripoti zangu tatu, ya daktari moja, na kurasa zaidi ya themanini kwa wakili, na hakuna hata moja iliyokuwa imemwambia kwamba mwanawe alizaliwa alfajiri na alilia. Baada ya mvua mbili zaidi lile boksi lingekuwa chakula cha mchwa.

Haikuwa baraka tupu. Jina la mama kwenye kile kitabu lilikuwa na "l" mahali ambapo kadi ina "r", na cheti cha bure cha mtoto wa chini ya miaka mitano, kile kinachoandikwa kwa mkono, kilikuwa na herufi ya tatu tofauti na zote. Hati za kiapo, barua ya mtendaji, wakili kupandisha bei. Kama miezi miwili ikaenda hapo. Mume akanitazama kwa jicho la "si ungeacha tu". Nikamwambia ubalozi ungeliona, si mimi. Tanzania haimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasili baina ya nchi, Kenya imo, kwa hiyo huku kila ubalozi hujipimia wenyewe. Wenye pasipoti za Marekani, kwa mfano, ubalozi wao hufanya uchunguzi wake kujiridhisha kwamba mtoto ni yatima kwa tafsiri ya sheria yao. Mnataka mtu wa ubalozi afike kwa bibi kabla yenu?

Na anayenijia na "hukumu ndiyo mwisho wa mambo" namwambia aulize waliokuwa Kongo. Mwezi Septemba 2013 idara ya uhamiaji ya Kinshasa ilisimamisha vibali vya watoto walioasiliwa kutoka nchini. Familia zilikuwa na hukumu mkononi. Wengine walikaa na hukumu hiyo zaidi ya miaka miwili, mtoto huku, wao kule.

Turudi kijijini, maana kuna kitu kikubwa kuliko herufi.

Lugha yetu ina neno "kwao". Fomu haina. Fomu ina "mahali pa kuzaliwa", na waombaji hudhani ni kitu kimoja. Mtoto anaweza kuzaliwa hospitali ya mkoa kwa sababu mama alizidiwa, akakaa siku mbili, na hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kulala mji ule. Nimeona familia imesafiri nusu nchi, ikapiga picha mbele ya geti la hospitali, ikarudi imeridhika. Kilomita ishirini kutoka getini kulikuwa na shangazi.

Kwao ni pale ambapo ukifika, mtu anamtazama mtoto usoni na kumtaja marehemu. Hicho ndicho ninachokwenda kukitafuta, na hapo ndipo ninapoikuta pia kasoro ambayo hakuna mwanasheria atakayeiona akiwa mezani: ridhaa.

Bibi wa yule msichana alikuwa ameshaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Mashahidi wawili, muhuri, kila kitu. Tumekaa chini ya mwembe, chai imeletwa, akamgeukia mama mwombaji kwa upole kabisa: "Basi akimaliza darasa la saba mtamleta mwezi gani?"

Kimya. Mkalimani wetu wa Kinyiramba akaangalia miguu yake.

Watu huku wanalea watoto wa wenzao tangu dunia iumbwe. Mtoto wa dada anapelekwa mjini akasome, anakuwa wa kule, ila ni wa huku. Hakuna anayefuta jina. Hicho ndicho bibi alichokiridhia. "Kuasili" ni neno la ofisini. Alipolisikia mara ya kwanza, baadaye alituambia akicheka, alidhani tunasema mtoto kaasi, akajiuliza mtoto wa miezi tisa anaasi nini. Dole gumba lilikuwa halali. Ridhaa haikuwepo.

Nilisimamisha kila kitu. Nilirudi mara mbili, peke yangu, bila waombaji, nikaeleza kwa maneno makavu: hatarudishwa, jina litabadilika, mirathi yake itakuwa kule, huenda akavuka bahari. Mara ya pili akakubali. Na hapa niseme kitu ambacho sikuandika kwenye ripoti kwa maneno haya: mpaka leo sijui kama alielewa au alichoka nami. Niliandika "ameelezwa na ameonyesha kuelewa". Ni kweli alionyesha.

Halafu zawadi. Mahakama inataka kuridhika kwamba hakuna aliyepokea malipo kwa ajili ya mtoto. Adabu inataka usiende kwa mama mtu mzima mikono mitupu. Waombaji hunipigia usiku kuuliza: kilo ngapi za sukari ni rushwa? Utaratibu wangu, ambao haumo kwenye kanuni yoyote, ni sukari, sabuni, kanga doti moja, basi. Fedha hapana, hata ya dawa. Mabati hapana. Bwana mmoja aliona paa la majani linavuja akanunua mabati ishirini siku ileile, kwa huruma tupu, na nikalazimika kuyaandika kwenye ripoti, na wakili akalazimika kuyaeleza kwa jaji. Mwenye mabati hakunisalimia tena. Lakini bibi yule alilowa masika yote kwa sababu ya usafi wa faili langu. Nalijua hilo, na sina jibu lake.

Kuna safari nilizozikataa mwenyewe. Mbili. Katika mojawapo, mama mzazi alikuwa amemficha mtoto ndugu wasijue amezaliwa. Kufika pale na gari la kukodi kungemwanika. Na kuna watoto wasio na kijiji, waliookotwa, ambao hata tarehe ya kuzaliwa ni makadirio ya daktari. Mmoja nilimpeleka stendi kwa mama lishe aliyemkuta. Yule mama aliacha sufuria jikoni, akamshika mashavu. Wali ukaungua.

Na ndiyo, watoto huvurugika. Yule msichana aliporudi Dar alikojoa kitandani wiki tatu, na mama yake alinilaumu mimi. Huenda alikuwa sahihi.

Dada wa Machame nimemwambia hivi: bibi wa mwanao wa kiume ana miaka themanini na kitu, na kifua kinamsumbua tangu kipupwe. Asubuhi mpande treni ya SGR, mchana mko Dodoma, basi la Singida mnalipata bila shida, mlale hapo, kesho yake Kiomboi, mimi nitakuwa nawasubiri na mtendaji. Chukueni daftari, si kamera tu. Amesema ataongea na mumewe.