Je, Wajua? Doa Jeusi Angani Linavyoweza Kupewa Jina

Ukisimama Mji Mkongwe wa Zanzibar jioni, karibu na saa kumi na mbili, utaona ndege wadogo weusi wakizunguka kwa makundi juu ya mapaa huku wakipiga kelele nyembamba, na ukijaribu kuwapiga picha kwa simu utaambulia anga tupu lenye madoa mawili matatu. Wengi huifuta picha ya namna hiyo papo hapo. Hata hivyo, mara nyingi inabeba habari za kutosha kumtaja ndege, alimradi mtazamaji ajue zipi ni za ndege na zipi zimezushwa na kamera yenyewe.

Teleka mdogo (Apus affinis), ambaye ndiye mwenyeji wa mapaa hayo, ana urefu wa sentimita 12 hivi. Tuseme anaruka mita 10 kwa sekunde, mwendo usio wa ajabu kwa jamii yake. Kamera ikibaki wazi kwa 1/100 ya sekunde, atakuwa amesogea sentimita 10, yaani karibu urefu wa mwili wake mzima, na kitakachoonekana ni mchirizi tu. Ikibaki wazi kwa 1/2000, atasogea nusu sentimita. Kisha kuna umbali. Katika picha ya simu ya kawaida yenye upana wa pikseli 4000 (pikseli ni vile vijinukta vinavyoiunda picha), ndege aliye umbali wa mita 30 hupata takriban pikseli moja kwa kila sentimita ya mwili wake, kwa hiyo kutoka mdomo hadi mkia ni pikseli 12 tu, na doa jeupe la kiunoni lenye upana wa sentimita 2 linaambulia mbili. Kuikuza picha kwa vidole hakuongezi hata moja.

Kwa sababu hiyo, rangi ndiyo shahidi wa kwanza wa kutiliwa shaka. Ndege aliye mbele ya anga angavu hugeuka kivuli, hata akiwa mbayuwayu mwenye koo la rangi ya kutu na mgongo wa buluu inayong'aa. Zaidi ya hayo, simu nyingi huinoa picha zenyewe baada ya kupiga, na katika kunoa huchora ukingo mweupe kuzunguka kila kitu cheusi. Nimewahi kumwona mtu akishikilia kwamba teleka wake ana mstari mweupe kwenye bawa, kumbe mstari uleule ulikuwa umeuzunguka pia waya wa umeme uliopita pembeni mwa picha.

Umbo hudumu zaidi. Katika mazungumzo ya kawaida wengi wetu humwita kila mmoja wa ndege hawa mbayuwayu, lakini teleka na mbayuwayu si ndugu; teleka yuko karibu zaidi na ndege wavumaji wa Amerika, wale wanaofyonza maua huku wakielea hewani. Mfupa wa juu wa bawa la teleka ni mfupi sana na sehemu ya kiganja ni ndefu, hivyo bawa lote hupinda kama mundu kuanzia mwilini hadi nchani, ilhali la mbayuwayu ni pana zaidi kwenye shina na huonyesha pembe katikati. Tofauti hiyo husomeka hata kwenye pikseli 12. Na kama ndege wa kwenye picha ametua juu ya waya, swali la teleka limekwisha: vidole vyake vyote vinne huelekea mbele, vinamfaa kung'ang'ania ukuta lakini si kukaa wayani. Jina Apus lenyewe limetoka katika Kigiriki, kwa maana ya asiye na miguu.

Baada ya bawa hutazamwa mkia. Wa teleka mdogo ni mfupi na umekatika sawasawa, na weupe wa kiuno chake huzunguka hadi ubavuni, ndiyo maana huonekana hata na mtu aliye chini. Mwenzake, Apus caffer, ana utepe mwembamba mweupe ambao kwa chini hufichika, na mkia wenye panda ndefu. Tatizo ni kwamba huifunga panda hiyo mara kwa mara, ikaonekana kama mwiba mmoja. Yule mwembamba wa rangi ya kijivu na kahawia, asiye na weupe kiunoni, anayezungukazunguka minazi na mivumo, ni Cypsiurus parvus, anayegandisha tago lake kwenye kuti kwa mate.

Tarehe nayo husaidia kuliko inavyodhaniwa, na simu huihifadhi ndani ya picha bila kuombwa. Mbayuwayu Hirundo rustica hufika kwetu kutoka Ulaya na Asia mnamo Septemba na kuondoka kufikia Aprili au Mei, kwa hiyo anayedhani amempata Mombasa mwezi Julai aitazame picha yake upya kabla ya kutangaza. Programu ya Merlin, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Cornell, nayo huuliza mahali na tarehe kabla ya kupendekeza jina. Ni msaada mzuri, ila hapa ule utani wa Watanzania kuhusu akili za mbayuwayu unafaa kweli: changanya na zako.

Mimi nina picha tano za jioni moja ya Mji Mkongwe, nilizozipiga kwa mfululizo. Nne ni michirizi yenye mabawa ya mundu, nazo nimeziandikia neno moja tu, teleka. Katika ya tano ndege amelalia upande akikata kona, mkia umekatika sawasawa, na ubavuni pana pikseli tatu nyeupe, wakati mnara ulio nyuma yake hauna ukingo mweupe wowote. Hiyo nimeiandikia Apus affinis.