Seti ya Skrini: Kumbukumbu ya Mpangilio wa Madirisha katika Programu za Muziki

Seti ya skrini ni kumbukumbu ya jinsi madirisha ya programu ya kutengeneza muziki yalivyopangwa: yapi yalikuwa wazi, kila moja lilikaa wapi, lilikuwa na ukubwa gani, na yaliyomo ndani yake yalikuzwa kwa kiwango gani. Kumbukumbu hiyo hupewa namba, na namba ikibonyezwa kwenye kibodi, skrini nzima hurudia hali ile bila mtumiaji kuhangaika kufungua dirisha mojamoja kwa kipanya. Dhana hii imekomaa zaidi katika Logic Pro ya kampuni ya Apple, na ndiyo itakayotumika hapa kuieleza, ingawa REAPER, Cubase na Pro Tools nazo zinayo, kila moja kwa jina na desturi zake.

Ili ieleweke vizuri, ni lazima kwanza kutenganisha muziki wenyewe na dirisha linalouonyesha. Nota za kinanda zilizorekodiwa kwa MIDI, yaani lugha ya kidijitali ambayo ala na kompyuta hutumia kupeana maelekezo ya nota badala ya sauti yenyewe, huhifadhiwa mara moja tu ndani ya mradi, lakini Logic Pro inaweza kuzionyesha kama kipande cha rangi kwenye ukurasa mkuu wa traki (njia ambazo kila ala au sauti hupangwa peke yake), kama vipau vya urefu mbalimbali kwenye piano-roli, kama muziki ulioandikwa kwenye mistari mitano, au kama orodha ambamo kila nota ina mstari wake wenye nafasi, nguvu ya mguso na urefu. Anayesogeza nota kwenye piano-roli huiona imesogea papo hapo kwenye orodha, kwa sababu vihariri vyote viwili vinatazama kitu kimoja. Kwa hiyo kufunga dirisha hakufuti chochote. Hali ni hiyo hiyo kwa plagini, zile programu ndogo zinazopachikwa ndani ya programu kuu ili kutengeneza au kubadilisha sauti: dirisha la kompresa likifungwa, kompresa yenyewe huendelea kuibana sauti kama ilivyoelekezwa, na anayeanza kazi hii hana sababu ya kuacha plagini ishirini zikiwa wazi kwa hofu ya kuzipoteza. Kuziacha wazi ndiko kwenye hasara, maana mishale na grafu zinazochezacheza humo hula nguvu ya kompyuta ambayo ingefaa kutumika kwenye sauti.

Haja ya kupanga skrini ilianza zamani, skrini zilipokuwa finyu. Kompyuta ya Atari ST, iliyotoka mwaka 1985 ikiwa na matundu yake ya MIDI, ilipendwa sana katika studio za Ulaya, na Cubase ilianzia humo mwaka 1989; lakini skrini yake ya nyeusi na nyeupe ilikuwa na nukta 640 kwa upana na 400 kwa urefu, nafasi ambayo madirisha mawili yanayosomeka vizuri hayaenei kwa pamoja. Kampuni ya Emagic ya Ujerumani, iliyotengeneza Logic kabla ya kununuliwa na Apple mwaka 2002, iliwazoesha watumiaji wake kuruka kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine kwa namba, na desturi hiyo haikufa hata skrini zilipopanuka. Skrini zilipopanuka, traki nazo ziliongezeka, na mradi wenye traki sitini huijaza miksa, yaani dirisha la kusawazishia sauti za traki zote, kwenye skrini yoyote ile.

Logic Pro ya leo ina nafasi 99 za seti. Namba ya seti inayotumika huonekana kwenye pau ya menyu, jirani na menyu ya madirisha. Tarakimu 1 hadi 9 huita seti tisa za kwanza moja kwa moja. Kuanzia seti ya 10, kitufe cha Control hushikiliwa wakati tarakimu ya kwanza inabonyezwa. Hakuna utaratibu wowote wa kuunda seti kabla ya kuitumia: ukiita namba ambayo haijatumiwa unapata ukurasa wa kupanga upendavyo, na kila unachokisogeza hapo kinakumbukwa bila kuamriwa.

Kukumbukwa huko bila kuamriwa ndiko kunakowaponza wengi. Seti iliyoachwa wazi hunakili kila badiliko, likiwemo dirisha ulilolivuta kwa dharura katikati ya kazi ili uone jambo moja tu, hivyo ukiondoka na kurudi unakuta vurugu uliyoiacha badala ya mpangilio uliouchagua. Dawa yake ni kufuli. Vitufe vya Shift na L huifunga seti, na tangu hapo unaweza kupanua, kufunga na kufungua madirisha utakavyo, kisha ukaiita seti upya na kila kitu kikarudi mahali pake. Kwa maoni yangu, seti isiyofungwa haistahili hata kuitwa seti, na wengi wanaosema kwamba jambo hili halina faida hawajawahi kuigusa kufuli hiyo.

Yapo mambo mengine mawili yanayowachanganya watu. La kwanza ni kwamba kibodi ya kompyuta inapotumika kama kinanda cha kupigia nota, tarakimu hupewa kazi nyingine, kama kupindisha sauti, na seti haziitiki mpaka dirisha la kinanda hicho lifungwe. La pili ni kwamba seti huhifadhiwa ndani ya mradi, si ndani ya programu, kwa hiyo wimbo mpya ulioanzishwa kutoka ukurasa mtupu hauna hata moja kati ya zile ulizozipanga jana. Anayetaka zimfuate huzihifadhi katika kiolezo anachoanzia kila wimbo, au huzileta kutoka mradi wa zamani kupitia amri ya kuingiza mipangilio ya mradi mwingine, ambamo seti za skrini ni moja ya vitu vya kuchagua.

Mahali pa dirisha ni jambo moja, na kitakachoonekana ndani yake ni jambo jingine. Hili la pili husimamiwa na kitufe cha kiungo kilichomo katika kila kihariri, nacho kina hali tatu. Kiungo kikizimwa, dirisha hubaki na kile kilichokuwamo hata ukichagua kitu kingine pengine. Hali hii humfaa mtu anayetaka kuona ngoma muda wote huku akihariri besi. Kikiwashwa kwa hali ya kawaida, dirisha hufuata kile kinachoonyeshwa na dirisha lililo juu. Hali ya tatu huonyesha yaliyomo ndani ya kipande kilichochaguliwa: unagusa kipande cha besi kwenye ukurasa wa traki, na piano-roli iliyo pembeni inafungua nota za besi, unagusa kipande cha gitaa, nayo inageuka. Seti ya kuhariri yenye piano-roli ambayo kiungo chake kimezimwa bila kukusudia humfanya mtu adhani programu imekwama, ilhali dirisha linatii tu lilivyoagizwa.

Je, mtu apange seti ngapi? Nafasi 99 zisimshawishi. Mgawanyo unaodumu ni ule unaofuata hatua za kazi, kwa sababu prodyuza anayerekodi mwimbaji anahitaji saa kubwa ya mapigo, traki chache zilizokuzwa na vipimo vya sauti inayoingia, wala hana haja ya piano-roli. Anayehariri anahitaji kihariri kimoja kilichotandazwa. Na anayefanya miksi anahitaji miksa ndefu huku traki zikiwa zimebanwa ziwe nyembamba ili wimbo mzima uonekane mara moja. Seti tatu au nne za namna hiyo vidole huzizoea haraka. Zikifika kumi na mbili, mtu huanza kusita akitafuta namba, na kwa muda huo angekuwa ameshafungua dirisha alilolitaka kwa mkono.

Si kila programu imefuata njia hii. Ableton Live ina nyuso kuu mbili ndani ya dirisha moja, na kitufe cha Tab hubadilisha uso mmoja kwa mwingine. Waliounda programu hiyo walichagua kupunguza madirisha badala ya kuyapa kumbukumbu. FL Studio, iliyozoeleka katika studio nyingi ndogo za Afrika Mashariki, humpa kila dirisha ufunguo wake: F5 ni ukurasa wa kupanga wimbo, F6 ni orodha ya ala, F7 ni piano-roli na F9 ni miksa, huku F12 ikifunga madirisha yote na Ctrl, Shift na H zikiyarudisha katika mpangilio wa awali. Njia hiyo ni rahisi kujifunza, ingawa humwita mtu dirisha moja kwa wakati badala ya mpangilio mzima. Cubase hutenganisha mipangilio ya mradi mmoja na ile ya miradi yote, na kwa hilo imeipita Logic Pro. Pro Tools huita mpangilio kwa nukta, namba na kinyota kutoka pedi ya tarakimu, pedi ambayo kompyuta mpakato nyingi hazina.

Kompyuta mpakato ndizo zinazoleta tatizo la mwisho, nalo ni la skrini ya pili. Seti iliyopangwa studio, miksa ikiwa kwenye skrini kubwa ya pembeni, hukumbuka mahali ambapo nyumbani hapapo, na dirisha linaweza kufunguka nje ya eneo linaloonekana au kurundikwa juu ya mengine. Ni afadhali kutenga namba mapema: 1 hadi 4 kwa kompyuta ikiwa peke yake, na 11 hadi 14 kwa kazi zile zile nne skrini ya pili inapokuwa imeunganishwa, zote zikiwa zimefungwa kwa kufuli.