Je, wajua kwa nini kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) iliyotumika hugoma kuingia gia injini ikiwaka, lakini ikizimwa hukubali?

Unawasha kwadi uliyoinunua mkononi mwa mtu. Inanguruma vizuri, lakini ukikanyaga pedali ya gia unasikia "krrr!" ya chuma kwa chuma, au pedali inakuwa ngumu kama imechomelewa. Unazima injini, unajaribu tena: "tak", gia imeingia. Wengi hapo husema giaboksi imekufa. Mara nyingi ni nzima, na tofauti hiyo ya kuwaka na kuzimwa ndiyo ushahidi wenyewe.

Injini ikizimwa, hakuna kinachozunguka ndani, kwa hiyo klachi, kifaa kinachounganisha na kutenganisha injini na giaboksi, haina kazi yoyote. Kaa juu ya kwadi, itikise mbele na nyuma huku ukikanyaga, kwa sababu meno yakisimama uso kwa uso hayaingiani hata kwenye chombo kipya. Gia zote zikiingia hivyo, vifaa vya kubadilishia gia viko salama. Wa kushukiwa ni klachi isiyoachia.

Kwadi nyingi za gia za mguu hazina mkono wa klachi, na ndiyo maana watu hudhani hazina klachi kabisa. Zinazo mbili. Moja imekaa kwenye krankshafti, shafti kuu ya injini: resi ikipanda, viatu vyake hutanuka na kuibana ngoma inayovizunguka. Nyingine ni ya sahani, na inayoiachia ni pedali ileile ya gia. Mwanzo wa mkanyago hutenganisha sahani, kisha ndipo gia husogea.

Sasa fikiria resi iliyopandishwa mno ili injini isizimike ovyo, jambo linalofanyika sana kwa chombo kinachouzwa. Viatu havirudi ndani kikamilifu, shafti ya giaboksi inaendelea kuzunguka, na ukitoka fri (bila gia) kwenda gia namba 1 meno yanakwaruzana. Dalili ni kwamba ukiingiza gia bila kuongeza mafuta, kwadi inajivuta yenyewe. Shusha resi kwanza kabla ya kugusa kitu kingine.

Resi ikiwa sawa, nenda kwenye skrubu ya kurekebishia klachi. Huwa kwenye kifuniko cha klachi, imefungwa na nati. Legeza nati huku umeishikilia skrubu kwa bisibisi, izungushe taratibu mpaka uhisi imeanza kugusa kitu, kisha irudishe kidogo sana: kwa baadhi ya kwadi ni robo ya mzunguko, kwa nyingine ni chini ya hapo. Upande wa kuzungusha hutofautiana, hivyo fuata kitabu cha modeli yako. Kazi hii haimalizi dakika kumi, na inaniuma kuona mtu akipasua injini nzima kabla ya kuijaribu.

Oili nayo ina lake. Sahani hizi huogelea kwenye oili ya injini. Kwadi iliyolala muda mrefu sahani zake hugandana, na oili iliyochakaa huongeza tatizo. Oili za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano huleta shida ya kinyume: klachi inateleza, injini inalia na mwendo hauongezeki. Tafuta iliyoandikwa JASO MA, kipimo cha Wajapani kwa klachi za aina hii.

Ikiwa gia hugoma hata injini ikizimwa, anza nje. Chora mstari wa chaki kutoka kwenye pedali hadi kwenye ncha ya shafti yake, kisha kanyaga. Mstari ukikatika, meno ya pedali yamelika na shafti haizunguki nayo. Angalia pia kama shafti imepinda kwa kugonga jiwe.

Gia inayochomoka ni habari nyingine, na hapo sitakupa matumaini ya bure. Gia za kwadi hizi huwa zimeshikana muda wote; kinachosogea ni vijino vya ubavuni vinavyoingia kwenye matundu ya gia jirani. Kingo za vijino hukatwa kwa mwinamo kidogo ili mzigo uzidi kuzivuta pamoja. Zikilika na kuwa duara, mzigo uleule huzisukuma zitengane, ndiyo maana gia huruka ukiwa unapanda mlima. Huwezi kurekebisha hilo kwa skrubu.

Kabla hujaamua, mwaga oili ikiwa ya moto na upitishe sumaku ndani yake. Ute wa kijivu laini ni uchakavu wa kawaida. Ukinasa kipande chenye pembe, hata kama ni kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, usiiwashe tena mpaka injini ifunguliwe. Huenda hilo ni jino, na mabaki yake bado yamo ndani.