Majibu ya Mafuta Kwenye Damu: Usiishie Namba ya Kwanza

Karatasi ya maabara inasema lehemu (kolesteroli) ya jumla ni 5.1 mmol/L, chini ya ukomo wa 5.2. Mwenyewe anaikunja na kurudi nyumbani kwa amani. Mistari miwili chini yake imeandikwa HDL (lehemu nzuri) 0.8 na trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu) 2.2. Mtu huyu anahitaji ushauri wa daktari, tena mapema.

Lehemu haiyeyuki kwenye damu, hivyo husafiri ikiwa imebebwa na protini. Ile ya LDL (lehemu mbaya) ikizidi hupenya kwenye kuta za mishipa na kujenga utando kwa miaka mingi bila maumivu yoyote. Utando ukichanika, damu huganda juu yake ghafla: moyoni ni shambulio la moyo, kwenye ubongo ni kiharusi. HDL huirudisha ziada kwenye ini. Ndiyo maana LDL inatakiwa iwe chini ya 2.6, na daktari huishusha zaidi kwa aliyewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo. HDL inatakiwa izidi 1.0 kwa mwanamume na 1.3 kwa mwanamke.

Trigliseridi, inayotakiwa kuwa chini ya 1.7, ndiyo inayowachanganya wengi. Ini hutengeneza mafuta haya kutokana na sukari, wanga uliozidi na pombe. Umeacha nyama choma ya mnadani Msalato, lakini soda ni kila siku na bia kila jioni? Namba haitashuka. Ikivuka 5.6, kongosho huwa hatarini kuvimba. Maumivu makali ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika, ni ya kukimbiza hospitali saa hiyohiyo.

Kuhusu alizeti yetu ya Dodoma na Singida: dumu likiandikwa "haina lehemu" ni kweli, ila mafuta yote ya mimea ndivyo yalivyo, hata mawese, ambayo bado hupandisha LDL kama samli na mafuta ya nyama. Alizeti ni chaguo zuri. Tatizo ni kumimina kutoka kwenye dumu. Kijiko kimoja cha chakula kina takribani kilokalori 120, kwa hiyo pima kwa kijiko.

Wembamba si kinga. Wengine wamerithi tatizo hili. Ukiambiwa upime ukiwa hujala, kula saa 2 usiku, kisha maji matupu mpaka damu ichukuliwe saa 2 asubuhi. Pombe iache tangu siku iliyotangulia.

Ukianzishiwa statini, dawa ya kushusha lehemu, kipimo hurudiwa baada ya wiki 4 hadi 12. Namba ikishuka, ni dawa imeishusha. Ukiacha, itapanda tena. Misuli ikiuma sana au mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, rudi kwa daktari siku hiyohiyo. Mjamzito, au anayetarajia kubeba mimba, amwambie daktari kabla hajameza kidonge cha kwanza.