Kutenganisha pochi hakufuti ruhusa

Wengi huamini kwamba ukishatenganisha pochi yako ya sarafu za kidijitali na tovuti, tovuti hiyo haiwezi tena kugusa mali yako. Sivyo. Kutenganisha huizuia tu kuona anwani yako na kukuletea maombi mapya ya kusaini. Ruhusa ya kutumia tokeni (sarafu au mali ya kidijitali) uliyokwisha kuisaini haikai kwenye tovuti wala kwenye pochi. Kwa tokeni za mtandao wa Ethereum, imeandikwa ndani ya mkataba mahiri (programu inayojiendesha kwenye mtandao huo) wa tokeni yenyewe, na mara nyingi, jambo linalonitia hofu, haina kikomo cha kiasi. Hata pochi ya kifaa (kifaa kidogo kinachotunza funguo zako za siri) iliyozimwa haiizuii. Kuifuta ni muamala mwingine, unaorudisha kiwango cha ruhusa hadi 0 na kulipiwa ada ya mtandao. Unaposaini, tafadhali andika kiasi unachohitaji tu.