Faili za Ofisi Zinaweza Kuhama Bila Flashi

Msimu wa masoko ya tumbaku ukifika Urambo au Sikonge, mkoani Tabora, flashi ndiyo tarishi wa ofisi. Karani anamaliza orodha ya malipo, anachomoa, anampelekea mhasibu chumba cha pili. Mhasibu akifungua anakuta folda zote zimegeuka shotikati: kirusi kimeshaingia.

Kompyuta zilizo kwenye ruta moja hazihitaji flashi, wala bando. Syncthing, programu huria iliyoanza mwaka 2013, inalinganisha folda za kompyuta mbili au zaidi, za Windows, Linux au Mac, bila malipo. Msimbo wake uko wazi, yeyote mwenye ujuzi anaweza kuukagua. Kila kompyuta ina namba yake ndefu ya utambulisho, na lazima pande zote mbili zikubaliane kabla faili hazijapita. Zinapopita zimefichwa kwa usimbaji. Jambo ninalolipenda zaidi: faili kubwa ikibadilika kidogo, haitumwi upya yote. Hukatwa vipande, na vilivyobadilika tu ndivyo vinavyosafiri. Umeme ukikatika katikati, kazi inaendelea ilipoishia. Sharti moja: kompyuta ziwe zimewashwa kwa wakati mmoja.

Sasa, tahadhari ambayo wengi huiruka. Hii si nakala ya akiba. Ukifuta faili kwako, inafutika na kwa mwenzako. Ndani ya mipangilio ya folda kuna sehemu ya kuhifadhi matoleo ya zamani. Iwasheni siku ya kwanza, na diski ya nje muendelee kuwa nayo. Wawili wakihariri faili moja kwa pamoja, mtaona nakala ya pili yenye maneno "sync-conflict" kwenye jina. Msiifute kabla ya kulinganisha.

Kwa kutuma faili kwenye seva ya mbali, tumieni WinSCP au FileZilla, nazo ni huria. Chagueni SFTP, njia ya kutuma faili zikiwa zimefichwa kwa usimbaji. FTP ya kawaida, iliyobuniwa 1971, hupitisha nywila waziwazi, na orodha za wakulima zenye namba za simu na akaunti za benki zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Pakueni kutoka tovuti rasmi, syncthing.net. Anzeni na folda ya majaribio. Futeni faili moja makusudi, kisha mjaribu kuirudisha kutoka kwenye matoleo ya zamani. Mkishindwa, orodha ya malipo isiingie humo bado.