Ukatili wa kingono vitani: manusura anapataje nguvu ya kuendelea?

Januari 1997, mjini Arusha, katika mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, mama mmoja alitoa ushahidi katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini humo. Ubakaji haukuwamo kabisa katika hati ya mashtaka. Mama yule akaeleza kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa, na majaji, akiwamo Navanethem Pillay aliyekuwa mwanamke pekee katika jopo lile, wakaendelea kumwuliza. Mashtaka ya ubakaji yakaongezwa Juni mwaka huohuo. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akatiwa hatiani, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikaamua kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari.

Sisi tunaoshughulika na afya ya akili ya manusura tunasikia watu wakisema fulani ana moyo, fulani ameshindwa. Kauli hizo zinamtwika mtu mmoja mzigo usio wake. Ustahimilivu si kusahau. Mtu anaweza kulima, kulea na kucheka mchana, na usiku akashtuka usingizini kwa sauti ya viatu nje ya mlango. Kinachomwezesha kusimama ni mambo yanayoonekana: familia imempokea au imemfukuza; ana kipato chake au anaishi kwa huruma za watu; alitibiwa au aliugulia ndani; aliyemtendea yuko gerezani au wanapishana sokoni. Wanaume na wavulana nao hubakwa vitani, na wengi hunyamaza kwa sababu huduma zimepangwa kana kwamba hawapo.

Sheria imepiga hatua. Kanuni za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zinakataza kudai ushahidi wa ziada ili neno la manusura likubalike, na haziruhusu historia yake ya mapenzi kuletwa mahakamani. Shahidi anaweza kufichwa jina, sura na sauti. Lakini haki hiyo inachelewa mno. Dominic Ongwen, kamanda wa kundi la waasi la LRA, alitiwa hatiani na mahakama hiyo Februari 2021 kwa uhalifu uliotendeka kaskazini mwa Uganda kati ya 2002 na 2005, ikiwamo kuwaoza wasichana kwa nguvu na kuwalazimisha kubeba mimba. Amri ya fidia ikatoka Februari 2024, na kwa kuwa yeye hana mali, malipo yanategemea michango inayokusanywa na mfuko wa mahakama hiyo. Msichana aliyetekwa akiwa na miaka 12 sasa ni mama wa watu wazima.

Ndiyo maana nashikilia kwamba fidia isisubiri hukumu. Kosovo, huko Ulaya, ambako vita viliisha 1999, ilibadili sheria yake mwaka 2014, na mwaka 2018 manusura wakaanza kupeleka maombi kwa tume iliyoyachunguza kwa siri. Aliyekubaliwa hulipwa kila mwezi, hata kama mhalifu hajulikani alipo. Utaratibu huo nao ulichelewa, ila haumlazimishi mtu kusimama mbele ya aliyemuumiza ndipo atambuliwe. Tena unampunguzia kusimulia upya kwa mpelelezi, mwanahabari, mtafiti na wakili, kila mmoja na daftari lake.

Mtu akikufungulia moyo leo, msikilize bila kumdadisi. Usimwambie ashukuru yu hai, wala usimsukume kwenda polisi. Kama tukio ni la karibuni, mweleze kwamba dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na za dharura za kuzuia mimba ndani ya siku 5. Kadiri anavyowahi ndivyo bora. Nguo alizovaa asizifue, aziweke kwenye mfuko wa karatasi. Akikubali, mpeleke hospitali, na umwulize kama angependa uingie naye ndani au umsubiri nje.